Sauti na Miliki: Historia ya Albamu ya Robyn ya Mwaka 2005

Albamu iitwayo Robyn, iliyotolewa nchini Uswidi tarehe 27 Aprili 2005, ilikuwa ya nne kwa mwimbaji Robin Miriam Carlsson, anayejulikana na wasikilizaji kwa jina hilohilo la Robyn, lakini ilikuwa ya kwanza kutolewa na kampuni iliyokuwa mali yake mwenyewe. Katika biashara ya muziki, albamu inayobeba jina la msanii bila neno jingine lolote huwa kwa kawaida ni ile ya kwanza, kwa kuwa kazi yake ni kumtambulisha mgeni kwa watu wasiomfahamu. Robyn hakuwa mgeni mwaka huo: alikuwa ametoa albamu yake ya kwanza miaka kumi kabla, akiwa na umri wa miaka 16, na nyimbo zake mbili zilikuwa zimeingia katika kumi bora za Marekani. Kuipa albamu ya nne jina lake tupu kunaweza kusomwa, kwa hiyo, kama tangazo la kuanza upya, la mtu anayewaambia wasikilizaji kwamba sasa ndipo wanapomsikia yeye.

Muziki wa albamu hiyo ni wa aina inayoitwa pop ya sintesaiza, yaani pop ambayo sehemu kubwa ya ala zake ni mitambo ya umeme badala ya magitaa na ngoma za kupigwa kwa mikono. Waandishi wengi wameusifu muziki huo kwa wepesi na ukali wake, na sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, mtu akiieleza albamu kwa sauti yake peke yake atakuwa ameanza hadithi katikati. Sauti ile ilizaliwa baada ya mabadiliko ya umiliki, na bila mabadiliko hayo isingesikika, kwa sababu wimbo uliofungua njia yake ulikataliwa na waliokuwa na mamlaka ya kuutoa. Historia inayosimuliwa hapa ni ya mambo hayo mawili kwa pamoja, sauti na miliki, na ya namna moja lilivyotangulia jingine.

Mitambo na lebo huru

Sintesaiza ni ala inayozalisha sauti kwa umeme, bila uzi wa kukwaruzwa, ngozi ya kupigwa wala bomba la kupulizwa. Ndani yake mna saketi inayotetema kwa kasi maalumu na kutoa wimbi la sauti. Wimbi hilo hupitishwa katika kichujio kinachopunguza masafa yasiyotakiwa, kisha hupewa umbo la kiwakati, yaani namna linavyoanza, linavyodumu na linavyofifia. Msikilizaji wa Afrika Mashariki anamfahamu ndugu wa karibu wa ala hii, ambaye ni kinanda cha umeme kilichoenea katika taarabu ya kisasa na nyimbo za injili. Tofauti ni kwamba kinanda cha namna hiyo mara nyingi hutoa sauti zilizokwisha kuandaliwa kiwandani, ilhali sintesaiza humwachia mpigaji kazi ya kuiunda sauti yenyewe kabla ya kuipiga.

Mhandisi Mmarekani Robert Moog alionyesha sintesaiza yake mwaka 1964, na kwa miaka mingi iliyofuata ala za aina hiyo zilibaki ghali, zikimilikiwa na vyuo vikuu, studio kubwa na wanamuziki wachache wenye uwezo. Kundi la Kraftwerk kutoka Düsseldorf, Ujerumani, lilipotoa albamu ya Autobahn mwaka 1974, lilithibitisha kwamba mashine zinaweza kubeba muziki wa kupendwa na watu wengi. Mwaka 1977 mwimbaji Donna Summer, akifanya kazi na watayarishaji Giorgio Moroder na Pete Bellotte mjini Munich, alirekodi wimbo wa I Feel Love, ambao karibu ala zake zote zilikuwa za sintesaiza. Baada ya hapo viwanda vya Japani vilishusha bei. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808, inayotengeneza midundo kwa umeme bila mpiga ngoma, ilitoka mwaka 1980, na mwaka 1983 watengenezaji walikubaliana juu ya MIDI, utaratibu wa pamoja unaoziwezesha ala za kampuni mbalimbali kupeana amri, hata mtu mmoja akaweza kuongoza bendi nzima ya mitambo akiwa ameketi mahali pamoja.

Kushuka kwa bei kulikuwa na matokeo yaliyovuka mipaka ya muziki wenyewe. Mwaka 1978 Mwingereza Daniel Miller alirekodi nyimbo mbili nyumbani kwake kwa sintesaiza ndogo na mashine ya kurekodia ya njia nne, akazitoa yeye mwenyewe chini ya jina la Mute Records, na kampuni hiyo iliyozaliwa kwa santuri moja ikaja kutoa albamu ya kwanza ya kundi la Depeche Mode, Speak & Spell, mwaka 1981. Kampuni ya aina hiyo huitwa lebo huru, kwa maana ya kampuni ya kurekodi isiyomilikiwa na mojawapo ya makampuni machache makubwa yanayotawala soko la dunia. Pop ya sintesaiza na lebo huru vilikua pamoja tangu mwanzo kwa sababu iliyo wazi: mtu asiyelazimika kulipia studio kubwa na bendi ya watu wengi hupungukiwa na sababu za kumpigia magoti mwenye fedha. Nchini Uswidi vijana walioupenda muziki huo katika miaka ya 1980 waliitwa syntare, na walitambulikana kwa mavazi na mitindo yao ya nywele kama walivyotambulikana mahasimu wao wapenzi wa roki nzito. Stockholm yenyewe ikaja kuwa mji wa kutengeneza mitambo hiyo: kampuni ya Clavia ilitoa sintesaiza nyekundu ya Nord Lead mwaka 1995, na kampuni ya Propellerhead ikatoa mwaka 2000 programu iitwayo Reason, iliyoiweka studio nzima ya mitambo ndani ya kompyuta ya kawaida.

Miaka ya mkataba

Robyn alizaliwa Stockholm tarehe 12 Juni 1979, wazazi wake wakiwa watu wa jukwaa walioongoza kikundi huru cha maigizo, na sehemu ya utoto wake ilipita katika safari za kikundi hicho. Mwaka 1991 aliimba wimbo wa ufunguzi wa kipindi cha michezo cha watoto katika televisheni ya Uswidi, na muda mfupi baadaye mwimbaji Meja, aliyekuwa ameitembelea shule yake, alimsikia na kumuunganisha na watu wa biashara ya muziki. Akiwa na umri wa miaka 14 alisaini mkataba na Ricochet, lebo iliyokuwa chini ya kampuni kubwa ya BMG, na albamu yake ya kwanza, Robyn Is Here, ikatoka mwaka 1995.

Stockholm ya miaka hiyo ilikuwa karakana ya pop ya dunia. Studio ya Cheiron, iliyoanzishwa mwaka 1992, iliongozwa na Denniz PoP, mtu aliyeanza kazi kama mpiga santuri katika kumbi za dansi na ambaye hakuwa mpigaji wa ala kwa maana ya kawaida. Pamoja na mwanafunzi wake Max Martin alijenga utaratibu wa kutengeneza nyimbo ambao baadaye uliwapandisha chati Backstreet Boys na Britney Spears. Sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya Robyn ilitayarishwa na Ulf Lindström na Johan Ekhé, lakini nyimbo mbili zilizomfungulia Marekani, Do You Know (What It Takes) na Show Me Love, zilitoka mikononi mwa Denniz PoP na Max Martin, na kila mojawapo ilifika nafasi ya 7 katika chati kuu ya nyimbo ya nchi hiyo.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama yake. Ratiba ya matangazo nchini Marekani ilimchosha msichana huyo kiasi cha kumlazimu kurudi nyumbani kupumzika, na albamu ya pili, My Truth, iliyotoka mwaka 1999, iliuweka wazi mgongano kati yake na waliokuwa wakimsimamia. Ndani yake mlikuwa na nyimbo zilizogusa uamuzi wake wa kutoa mimba, jambo ambalo mwenyewe amelizungumzia hadharani. Upande wa Marekani ulitaka mabadiliko, yeye akakataa kubadilisha, na albamu haikutolewa huko. Kwa msanii aliyekuwa ameingia kumi bora mara mbili katika soko lile, kukosa albamu ya pili kulikuwa sawa na kufungiwa mlango aliokuwa ameufungua kwa jasho lake.

Ili kuelewa kwa nini msanii mashuhuri hakuwa na uwezo wa kuitoa kazi yake mwenyewe, ni lazima kutofautisha haki mbili zinazokaa ndani ya wimbo mmoja. Ya kwanza ni haki ya utunzi, inayohusu maneno na mahadhi, nayo kwa kawaida hubaki kwa watunzi au kwa kampuni waliyoikabidhi kuisimamia. Ya pili ni haki ya rekodi, inayohusu sauti ile hasa iliyonaswa studio, ambayo watu wa fani huiita masta. Na katika mikataba mingi ya zama hizo masta ilikuwa mali ya lebo, kwa kuwa ndiyo iliyotoa fedha za kurekodi. Fedha hizo nazo hazikuwa zawadi, kwa maana lebo ilijilipa kwanza kutoka katika mrabaha wa msanii, yaani fungu lake la mauzo, kabla msanii hajapata chochote zaidi. Mwenye masta ndiye mwenye neno la mwisho: anaweza kuitoa rekodi, kuichelewesha au kuiacha kabatini. Msanii katika hali hiyo hufanana na mpangaji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Baada ya My Truth, Robyn alihamia Jive, lebo iliyojulikana kwa kuwauza waimbaji vijana, na mwaka 2002 akatoa albamu ya tatu, Don't Stop the Music. Mwaka huohuo BMG iliinunua Zomba, kampuni mama ya Jive, kwa kiasi cha dola za Marekani bilioni 2.7, na mwimbaji aliyekuwa amehama akajikuta tena chini ya paa la mwenye nyumba wa zamani bila kuulizwa. Tukio hilo linaonyesha udhaifu wa msanii wa mkataba kwa uwazi kuliko ugomvi wowote wa studio: pande mbili zilizouziana zilikuwa kampuni, na kilichouzwa pamoja na majengo na mashine kilikuwa ni haki juu ya kazi za watu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wahenga walisema. Katika habari hii aliyetegemea alikuwa ndiye mzalishaji.

Wimbo uliokataliwa

Njia ya kutoka ilionekana kupitia kundi la watu wawili waliokuwa nje kabisa ya utaratibu wa Cheiron. The Knife, yaani ndugu Karin na Olof Dreijer wenye asili ya Göteborg, walitoa rekodi zao chini ya lebo yao wenyewe, Rabid Records, na albamu yao ya Deep Cuts ya mwaka 2003 ilikuwa imejaa sintesaiza zenye sauti kavu na sauti za kuimba zilizopindishwa kwa mitambo. Walipopewa tuzo ya Grammis, ambayo ni tuzo kuu ya muziki nchini Uswidi, hawakwenda kuipokea. Walituma wawakilishi waliovaa mavazi ya sokwe kupinga utawala wa wanaume katika biashara ya muziki. Robyn aliwasikiliza, akavutiwa, akatafuta kufanya nao kazi, na matokeo ya ushirikiano huo yakawa wimbo wa Who's That Girl.

Wimbo huo unaenda kwa mdundo mkavu na sintesaiza zenye makali, huku mwimbaji akihoji kipimo cha wema na uzuri ambacho wanawake hupimwa nacho, na akijiuliza kama yeye anakifikia. Kwa upande wa mahadhi bado ni pop, tena pop inayoshika sikioni mara ya kwanza. Lakini kwa upande wa sauti ulikuwa mbali na rekodi laini ambazo Jive ilizizoea, na lebo haikuupokea vizuri. Hapo ndipo Robyn alipofikia uamuzi ambao miaka kumi ya mikataba ilikuwa ikimsukuma kuufikia: badala ya kuubadilisha wimbo, alibadilisha mahali pa kuutolea. Mwaka 2004 alijitoa katika mkataba, na mwanzoni mwa mwaka 2005 akaanzisha lebo yake, Konichiwa Records, ambayo jina lake, linalotokana na salamu ya Kijapani ya mchana, alilichukua kutoka katika kichekesho cha televisheni cha Mmarekani Dave Chappelle.

Uzito wa hatua hiyo hupungua machoni pa msomaji wa leo, aliyezoea kuona vijana wakitoa nyimbo zao wenyewe kwa simu. Mwaka 2005 muziki ulikuwa bado unauzwa zaidi kwa sidii, na sidii zilihitaji kiwanda cha kuzichapa, magari ya kuzisambaza na maduka ya kuzipokea, mambo ambayo makampuni makubwa yalikuwa yameyashika kwa miongo mingi. Robyn alikuwa na umri wa miaka 25, nyuma yake kukiwa na jina lililofahamika na mbele yake kukiwa na gharama ambazo sasa hakuna mwingine wa kuzilipa. Kilichomwezesha ni mambo mawili yaliyokutana kwa wakati: mitambo ya bei nafuu, iliyoifanya studio ndogo itoe kazi ya kiwango cha juu, na jamii ya wanamuziki wa Stockholm waliojua kuitumia na ambao hawakuhitaji kibali cha mtu kushirikiana.

Kazi ya studio

Mshirika mkuu wa albamu alikuwa Klas Åhlund, mtunzi na mtayarishaji aliyekuwa pia mwanachama wa kundi la Teddybears. Mtayarishaji, ambaye vijana wa muziki humwita prodyuza, ni mtu anayeongoza kazi ya kurekodi kuanzia uchaguzi wa ala hadi mpangilio wa mwisho wa sauti. Katika pop ya sintesaiza kazi hiyo haiachani kwa urahisi na utunzi, kwa sababu sauti ya mtambo iliyochaguliwa mara nyingi ndiyo inayoamua mahadhi yaende wapi. Åhlund alitoka katika utamaduni wa kuchanganya punk, rege na muziki wa dansi bila kuomba radhi, na mkono wake unasikika katika uchache wa ala: mdundo, besi, sauti moja au mbili za sintesaiza, na nafasi tupu inayoachwa makusudi ili mwimbaji aijaze.

Mfano ulio bora wa uchache huo ni Be Mine!, wimbo uliotangulia albamu kama singo, yaani rekodi ya wimbo mmoja inayotolewa peke yake ili kuvuta wasikilizaji. Fidla na ndugu zake wakubwa hupigwa kwa mikato mifupi inayojirudia kama mapigo ya mashine, na chini yake mashine ya ngoma hukimbia bila kupumzika, hata msikilizaji akashindwa kusema ni kipi kimetoka kwa binadamu na kipi kimetoka kwa mtambo. Juu ya mbio hizo mwimbaji anasimulia huzuni ya kumkosa mtu ambaye hakuwahi kuwa wake. Kuweka majonzi juu ya mdundo wa kuchezeka ni hila ya zamani ya muziki wa dansi duniani kote, na wapenzi wa taarabu na rumba wanaijua vizuri. Robyn na Åhlund waliifanya kuwa msingi wa kazi yao, na kuanzia hapo ikawa alama ya mwimbaji huyo.

Nyimbo nyingine zinaonyesha upana ambao lebo ya wengine ingeupunguza kwa hofu ya soko. Konichiwa Bitches ni majigambo ya mwendo wa hip hop, yenye mzaha na maneno makali, ambamo mwimbaji mfupi wa kimo anajitangaza kuwa jabali. Handle Me inamkataa mwanamume anayejivuna kwa umaarufu na fedha. Crash and Burn Girl inarudi kwenye besi ya disko. Robotboy ina upole wa wimbo wa kubembelezea mtoto. Na Eclipse inategemea karibu kinanda pekee. Wimbo wa Should Have Known, ambao toleo lake la kwanza lilikuwa katika albamu ya 2002, ulirekodiwa upya kwa sauti mpya, na ulinganisho wa matoleo hayo mawili ni ushahidi mzuri kwa mtafiti: utunzi ni uleule, mwimbaji ni yuleyule, kilichobadilika ni nani aliyekuwa na neno la mwisho studio.

Wasikilizaji wa Uswidi waliipokea albamu kwa namna iliyojibu hofu zote. Ilifika namba moja katika chati ya albamu ya nchi hiyo, nafasi ambayo Robyn hakuwahi kuipata alipokuwa chini ya makampuni makubwa, na mwaka 2006 ilimletea tuzo tatu za Grammis: ya albamu bora ya mwaka, ya mwimbaji bora wa kike wa pop, na ya utunzi bora aliyoipokea pamoja na Åhlund.

Kukodisha badala ya kuuza

Kati ya kutolewa kwa albamu nchini Uswidi na kufika kwake Marekani ilipita miaka mitatu, na miaka hiyo inafundisha mengi juu ya maana halisi ya uhuru wa msanii. Lebo ndogo ya Stockholm haikuwa na mtandao wa kusambaza sidii katika nchi nyingi, na Robyn hakujifanya kuwa nao. Alichofanya ni kuingia mkataba wa leseni na Universal Music, kampuni kubwa kuliko ile aliyoikimbia. Leseni ni ruhusa ya kutumia mali ya mwingine kwa masharti yaliyokubaliwa: kampuni inayopewa leseni huchapa, husambaza na kutangaza, lakini umiliki wa masta hubaki kwa aliyeikodisha. Katika mkataba wa zamani lebo ilikuwa mwenye nyumba na msanii alikuwa mpangaji; sasa nafasi zilikuwa zimegeuzwa, na mpangaji alikuwa Universal.

Ucheleweshaji ulileta pia neema isiyotarajiwa, kwa sababu albamu iliendelea kukua ilipokuwa ikisubiri. Mwanamuziki Andreas Kleerup, naye wa Stockholm, alitunga na Robyn wimbo wa With Every Heartbeat, ambao haukuwamo katika toleo la 2005. Muundo wake unakwenda kinyume na kanuni ya pop inayotaka kiitikio kirudi baada ya kila ubeti: sintesaiza zinapanda polepole, katikati mdundo unanyamaza na kuziachia fidla nafasi, kisha sauti ya mwimbaji inabaki ikirudia maneno machache ya uchungu huku mitambo ikirejea chini yake. Wimbo huo uliongezwa katika toleo la kimataifa, pamoja na Cobrastyle, wimbo wa Teddybears ambao Robyn aliuimba upya, na toleo hilo likatoka Uingereza mwezi Aprili 2007. Mwezi Agosti mwaka huo With Every Heartbeat ulishika namba moja katika chati ya singo ya Uingereza.

Marekani ilifuata tarehe 29 Aprili 2008, ambapo albamu ilitolewa chini ya Cherrytree, tawi la kampuni ya Interscope. Nchi iliyokuwa imeikosa My Truth kwa sababu mwimbaji alikataa kubadilisha maneno yake sasa iliipokea kazi iliyokwisha kukamilika. Mwaka huohuo Robyn alifungua baadhi ya maonyesho ya Madonna barani Ulaya, na katika tuzo za Grammy zilizotolewa Februari 2009 albamu hiyo iliteuliwa kuwania nafasi ya albamu bora ya muziki wa elektroniki na dansi. Tuzo ilikwenda kwa Daft Punk wa Ufaransa, lakini albamu iliyoanza kama wimbo uliokataliwa ilikuwa imekaa meza moja na wakubwa wa fani yake.

Yaliyofuata

Matumizi ya uhuru huo yalionekana wazi zaidi mwaka 2010. Robyn aliamua kutosubiri miaka kati ya albamu moja na nyingine, akatoa mradi wa Body Talk kwa sehemu tatu ndani ya mwaka mmoja, Juni, Septemba na Novemba, utaratibu ambao lebo iliyozoea kuuza albamu moja kwa kampeni ndefu ingeupinga kwa hesabu za kawaida za biashara. Sehemu ya kwanza ilikuwa na Dancing On My Own, wimbo wa mtu anayecheza peke yake huku akimtazama aliyempenda akiwa na mwingine, ambao umekuja kuhesabiwa na wahakiki wengi miongoni mwa nyimbo bora za pop za kizazi chake. Mbinu yake ni ileile ya Be Mine!: huzuni juu ya mdundo usiopumzika.

Heshima nyingine ilitoka mahali ambapo waimbaji wa pop hawaalikwi mara nyingi. Mwaka 2013 KTH, taasisi kuu ya teknolojia ya Stockholm, ilimpa Robyn tuzo yake kubwa, na yeye akaitumia nafasi hiyo kusaidia kuanzisha, mwaka 2015, tamasha liitwalo Tekla, ambamo wasichana wenye umri wa miaka 11 hadi 18 hujifunza kwa vitendo mambo ya teknolojia. Jambo hili halikai kando ya historia ya albamu yake. Msichana aliyesaini mkataba akiwa na miaka 14 alikuwa ameingia katika biashara ambayo mitambo, studio na mikataba karibu vyote vilikuwa mikononi mwa wanaume watu wazima. Akiwa mtu mzima aliwarudia wasichana wa umri uleule na kuwapa nafasi ya kuishika mitambo kwa mikono yao.

Wapo wanaoisimulia habari ya Robyn kama ushindi wa mtu mmoja dhidi ya makampuni, na usimulizi huo unavutia, lakini haulingani na mambo yalivyotokea. Albamu ya 2005 ilihitaji ndugu wawili wa The Knife kuonyesha njia, ilihitaji Åhlund na Kleerup studio, na hatimaye ilihitaji kampuni kubwa kuifikisha mbali. Robyn hakuwa peke yake wakati wowote. Tofauti iliyoletwa na Konichiwa Records ilikuwa ni kwamba wote hao walikuja kwa mwaliko wake, na kila aliyetaka kuitumia rekodi alilazimika kuzungumza na mwenyewe. Umiliki haukumpa kipaji, kwa sababu kipaji alikuwa nacho tangu utotoni. Ulimpa uwezo wa kusema hapana bila kupoteza kazi yake, na mwimbaji aliyekuwa amesema hapana mwaka 1999 na kuadhibiwa kwa kimya alisema hapana tena mwaka 2004 na kupata namba moja. Albamu yake ya Honey, ya mwaka 2018, nayo ilitoka ikiwa na jina la Konichiwa Records.